Ukurasa Ulioliwa na Mchwa

Kitabu kilichonifundisha kuumba watu kilinifikia bila kurasa nne za mwanzo. Mchwa walikuwa wamezila. Miaka mingi imepita, na bado nikikuta kichuguu kando ya ukuta wangu nakibomoa kwa jembe kwa nguvu isiyolingana na kosa la wadudu. Majirani hudhani naipenda sana nyumba yangu.

Nilikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha nguo, Musoma. Shule yangu iliishia darasa la saba. Mengine niliyafuata mwenyewe, kwa kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada na kwa desturi ya kutolala mpaka nimeelewa ukurasa mmoja wa kitu chochote. Nilipanga chumba Makoko, karibu na ziwa. Ilikuwa miaka ya uhaba: sabuni hakuna, sukari kwa foleni na barua ya balozi wa nyumba kumi, ugali wa yanga, yale mahindi ya njano ya msaada, asubuhi na jioni. Karatasi nazo zilikuwa adimu. Kwa hiyo niliposikia kwamba mwalimu mmoja wa kujitolea, Mzungu aliyekuwa akifundisha hesabu upande wa Buhare, amerudi kwao na ameacha boksi la makaratasi, nilikwenda siku ileile. Nilichokuwa nakitafuta ni nafasi tupu za kuandikia. Maarifa sikuyawazia.

Mama mwenye nyumba aliyokuwa amepanga Mzungu yule alilisukuma boksi kwa mguu likanifikia mlangoni.

"Chukua, baba. Wahi, mchwa wameshaanza kusoma kabla yako."

Ndani mlikuwa na mitihani ya zamani na kijitabu chembamba chenye michoro ya watu wenye panga na mjusi mwenye mabawa. Kilianzia ukurasa wa tano. Sentensi yake ya kwanza ilinigharimu jioni nzima: tupa dadu tatu, jumlisha, na hesabu utakayoipata ndiyo nguvu ya mtu wako. Kisha fanya hivyo hivyo kwa akili, busara, wepesi, afya na mvuto.

Mtu wako. Nikaelewa kwamba ni kitabu cha kuwafundisha waandishi kuumba wahusika wa hadithi za ajabu. Kingekuwa nini kingine? Kuanzia ukurasa wa tano hadi wa mwisho hapakuwa na mahali palipoandikwa kwamba ni mchezo, kwamba watu hukaa mezani wanne au watano wakacheka na kucheza. Mimi nilikichukua kama fundi anavyochukua rula.

Na nilikihitaji. Boksi lile lilinikuta nina miezi minane tangu nimzike dada yangu.

Inabidi nilieleze jambo hilo kwa utaratibu, kwa sababu nikilieleza kwa hasira nakosea mpangilio.

Dada yangu alikuwa ameolewa Guta, Bunda, kwa watu wa pamba. Alipata homa wiki ya pili baada ya kujifungua. Siku moja saa sita mchana shemeji yangu alifika kiwandani kwa baiskeli, vumbi mpaka kwenye nyusi, akaniita nje ya ghala.

"Shemeji, mganga wa zahanati anasema kwinini hakuna. Lakini ipo. Jana jirani yetu kamwona anamdunga mke wa mtu mmoja hapo hapo. Anataka doti."

"Doti ya nini?"

"Kitenge, shemeji. Doti moja. Kasema kabisa, ndugu yenu si yuko kwenye nguo?"

Ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwangu. Nyuma yangu vitenge vilikuwa vimepangwa hadi darini. Lakini ilikuwa ile miezi ya kukamata wahujumu uchumi. Watu walikuwa wakizamisha sabuni na mablanketi ziwani kwa hofu ya kupekuliwa, na mtu wa mtaa wetu alikuwa amechukuliwa kwa sababu ya mabati aliyoyafunika kwa majani ya migomba. Huo ndio ukweli wa wakati ule. Ukweli mwingine ni kwamba hata bila hofu hiyo nisingeitoa. Nilikuwa najivunia ghala langu. Kila kitu mle ndani kilikuwa mahali pake, na mimi nilikuwa mtu wa kuonyeshwa wageni.

"Siwezi," nikasema. "Kila doti ina mahali pake."

"Shemeji, ni dada yako yule."

"Nitamwandikia mganga mkuu. Hiyo ndiyo njia."

Nikaandika. Ilikuwa barua nzuri, ina kichwa cha habari kilichopigiwa mstari. Shemeji aliikunja, akaiweka ndani ya shati, akapanda baiskeli bila kuniaga. Dada yangu alikufa kesho yake, saa kumi alasiri, barua ikiwa bado mezani kwa karani wa mganga mkuu.

Mganga yule alikuwa na dawa. Mimi nilikuwa na doti. Hasira yangu nimejaribu mara nyingi kuigawa kati yetu wawili kwa haki, na sijafaulu.

Basi nilianza kuandika. Wakati ule furu, wale samaki wadogo wa kwetu, walikuwa wakipotea kwenye nyavu na sangara wakizidi kuongezeka, wakubwa kama ndama, na wavuvi wa Makoko walisema ziwa limebadilisha wenyewe. Nikaandika habari za ufalme chini ya ziwa, watu wa Furu wanaofukuzwa kwao na majitu yenye mapezi, na mwanamke mmoja anayebeba taa inayowaka ndani ya maji, ambaye ndiye atakayewavusha. Mwanamke huyo nilimpa jina la dada yangu.

Kabla ya kijitabu kile wahusika wangu wote walikuwa mimi mwenyewe, nikiwa nimevaa nguo safi zaidi. Wote walikuwa na akili, wote walionewa. Dadu ziliniponya ugonjwa huo. Nilimtupia chifu wa ufalme, akapata nguvu kumi na saba na akili tano. Sijawahi kumwaza mtu wa namna hiyo kwa hiari yangu. Akawa chifu anayeweza kubeba mtumbwi kichwani lakini hajui nani kamwibia makasia. Nilimtupia mwoga mmoja, akapata mvuto kumi na nane, kiwango cha juu kabisa. Nikalazimika kufikiri wiki nzima jinsi mtu anavyoweza kukimbia vita na bado akapokelewa kwa vigelegele. Nilipopata jibu nilikuwa nimepata sura tatu.

Kila mtu nilimwandikia kadi nyuma ya lebo za marobota ya pamba zilizokuwa zikitupwa kiwandani. Kijitabu kiliuliza kama mtu wako ni jitu au mbilikimo. Hilo halikunisaidia. Mimi niliongeza rika lake na ukoo wake, na mwiko wa ukoo, kwa maana sijawahi kumwona mtu wa kwetu asiye na mnyama ambaye ukoo wake haumli. Mwiko mmoja hufanya kazi kubwa kuliko upanga. Mwambie mtu mwenye njaa akae karibu na chakula ambacho ukoo wake umekikataza, hadithi itajiandika.

Sheria nilizishika zote. Kilichoanguka kimeanguka: huruhusiwi kutupa mara ya pili, wala kuhamisha namba ya akili ukaipeleka kwenye afya. Na ilikuwapo sheria ya hatari. Mtu wako akiugua au akianguka, tupa dadu tatu. Jumla isipozidi namba ya afya yake, amepona. Ikizidi, amekwenda. Kwa maneno mengine, hapo ndogo ndiyo nzuri. Naomba msomaji alikumbuke hilo.

Kadi ya mwanamke wa taa ilitoka hivi: nguvu tisa, akili kumi na tatu, busara kumi na tano, wepesi kumi, afya nane, mvuto kumi na mbili. Busara kumi na tano ilikuwa yeye kabisa. Afya nane pia ilikuwa yeye. Niliitazama ile nane mpaka chai ikapoa, na kadi ilikuwa mbele yangu, na penseli ilikuwa mkononi. Sikubadilisha. Katika nchi ambayo kila kitu kilipita mlango wa nyuma, chumvi, betri, sindano, nilitaka meza yangu iwe na mlango mmoja.

Jumapili nilikuwa naendesha baiskeli hadi Butiama kwa mama. Baada ya ibada nilimsomea sura mpya huku akichambua ulezi kwenye ungo. Hakujua kusoma, lakini hakuna mhariri aliyewahi kunisikiliza hivyo. Chifu wangu alimtambua mara moja.

"Huyo si katibu wetu wa ushirika huyo? Alikuwaga hivyohivyo toka utoto."

"Hapana mama, ni dadu tu."

"Basi dadu zinamjua."

Dadu mbili kati ya tatu nilizotumia zilikuwa zake. Mama alikuwa mkali wa ludo. Ubao wake ulichorwa kwenye kipande cha katoni, na aliwafunga wajukuu bila huruma, akipiga kelele ya "Sita! Nyumbani nimetoka!" kila kete yake ilipopata ruhusa ya kuanza safari.

Siku nilipomsomea jina la mwanamke wa taa, mikono yake ilisimama juu ya ungo. Baada ya muda akaendelea kuchambua, polepole zaidi, na tangu hapo kila Jumapili swali lake la kwanza lilikuwa moja: "Yule wangu amefika wapi?" Mimi niliona ni swali la msikilizaji aliyeipenda hadithi. Huo ndio ujinga wa mtu anayesoma sana. Kwetu marehemu hurudishwa nyumbani kwa jina. Mtoto akipewa jina la aliyekufa, aliyekufa amerudi; mtoto huyo hatukanwi hovyo, hapigwi hovyo, anakaribishwa chakula kama mgeni. Haya niliyajua tangu utoto. Sikufikiri kwamba yanahusu makaratasi.

Katika sura ya kumi na moja mwanamke wa taa aliingia pango lenye maji mabaya akapata homa. Hatari. Niliamua kutupa dadu mbele ya mama, mchana kweupe, uani, ili aone kwamba sipangi mambo. Nikamweleza sheria. Nikatupa juu ya kigoda. Tano, nne, mbili. Kumi na moja.

"Amepona?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Imezidi nane."

"Tupa tena."

"Hairuhusiwi."

"Nani anakataza? Tuko wawili hapa."

"Nikirudia, haitakuwa kweli tena."

"Kwani sasa hivi ni kweli? Furu wana chifu?" Alicheka kidogo, akidhani natania. "Tupa, baba. Moja tu."

"Mama, nikimtupia huyu mara ya pili, basi na wale wengine waliokufa nao ningewatupia. Haiwezekani. Ni utaratibu."

Kicheko kikatoweka usoni mwake. Aliweka ungo chini.

"Hata yule wa zahanati alikuwa na utaratibu," akasema. "Na wewe na ghala lako ulikuwa na utaratibu. Unafikiri shemeji yako hakunieleza?"

Nikalifunga daftari.

"Nilisema, mwache, ana uchungu, anamrudisha dada yake kwa njia yake. Kumbe umemrudisha unionyeshe anavyokufa! Na dadu zangu!"

Akainama, akachukua dadu zake mbili, akanitupia ile yangu mapajani, akaingia ndani. Mlango wa mama ulikuwa wa mabati, na aliufunga taratibu. Afadhali angeubamiza.

Niliondoka nimekasirika kuliko siku ya mazishi. Nilijihesabia haki njia nzima. Nilisema mama hajui kazi ya mwandishi. Nilisema watu kama yeye, wenye "mara moja tu", ndio walioiangusha nchi. Nilikanyaga pedali kwa hoja safi kabisa, moja baada ya nyingine, na nilipofika Makoko sikuweza kuandika hata mstari mmoja. Mwanamke wa taa alilala pangoni. Watu wa Furu walibaki gizani wakisubiri. Niliendelea kwenda Butiama, nikipeleka dagaa na mafuta ya taa, tukizungumza habari za mvua. Mama hakuuliza tena yule wake amefika wapi.

Miaka ikapita hivyo. Ikaja ruksa, biashara ikaachiwa kila mtu. Maduka yakajaa, sabuni za kila rangi, viatu vya kila mguu, na mitumba ikashuka sokoni kwa marobota. Nguo zetu zikakosa mnunuzi. Kiwanda kikapunguza watu, na mimi nikawa mmoja wao. Nilikabidhi ghala likiwa halijapungukiwa hata uzi. Aliyepokea funguo aliniambia, "Mzee, ulikuwa mwaminifu sana," huku akitazama saa.

Mwaka uleule nilipita Bunda nikaona duka la dawa limepakwa rangi ya bluu. Nyuma ya kaunta, koti jeupe, tumbo limeongezeka, alisimama mganga yule yule niliyeonyeshwa siku ya mazishi. Kwinini ilikuwa imepangwa kwenye rafu kama biskuti. Mwenye pesa aliinyooshea kidole.

"Karibu mzee wangu, nikusaidie nini?"

"Dawa ya mchwa," nikasema. Ndilo lililonijia.

"Aa, hapa ni dawa za watu, mzee."

"Tangu lini?"

Hakuelewa. Hakunijua kabisa. Nilitoka nje, nikaona aibu kwamba miaka yote ile nilichokipata cha kumwambia ni maneno mawili.

Wiki chache baadaye, sokoni Musoma, muuza mitumba mmoja alikuwa amemwaga vitabu juu ya turubai. Vilikuja vimechanganyika na makoti, akaviuza kwa wenye kutaka karatasi za kufungia karanga. Nilimwona mjusi wangu mwenye mabawa. Kijitabu kilekile, kizima, kina jalada. Nilikifungua nikiwa nimesimama, watu wakinipiga vikumbo.

Ukurasa wa kwanza ulisema: huu ni mchezo wa marafiki. Wa pili ulieleza jinsi ya kukaa mezani. Wa tatu, kwa herufi nzito, ulisema kwamba sheria zinazofuata ni msaada tu, kwamba dadu zikileta jambo linaloiharibu hadithi, msimamizi wa mezani aliachilie mbali, aamue mwenyewe.

Muuzaji akaniuliza, "Vipi mzee, kuna msiba?"

Nililipa nikaondoka. Niliwalaani mchwa. Nilimlaani Mzungu aliyeweka boksi sakafuni, badala ya kuliweka juu ya meza kama mtu mwenye akili. Nililaani Kiingereza. Nikafika nyumbani nikakaa kitandani na vijitabu vyote viwili, kilicholiwa na kizima, na hapo hasira ikageuka ikanitazama mimi. Kwa sababu kule ghalani hakukuwa na mchwa. Siku ile shemeji aliposimama mbele yangu na vumbi lake, hakuna ukurasa uliokuwa umepotea. Kila nilichohitaji kujua nilikuwa nimeambiwa, kwa Kiswahili, kwa sauti: ni dada yako yule.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Butiama. Mama alikuwa amezeeka, anatembelea fimbo, lakini ubao wa ludo bado ulikuwa umeegeshwa ukutani. Nilimtafsiria ukurasa wa tatu neno kwa neno. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, yake au yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akakuna goti.

"Kwa hiyo miaka yote hiyo," akasema, "ulikuwa unangoja karatasi ikuruhusu?"

Nikakiweka kijitabu chini.

"Na ile siku ya ghala pia, karatasi ndiyo ilikuwa haijafika?"

"Mama..."

"Sikutukani. Nauliza."

"Ndiyo, mama," nikasema. "Pia."

Kisha akanyanyuka na fimbo yake, akaingia ndani, akarudi na dadu zake mbili ndani ya kopo la maziwa ya unga. "Yako iko wapi?" Nilikuwa nayo mfukoni. Akazipanga zote tatu kwenye kigoda kilekile. Hakutupa. Alizigeuza kwa kidole kimoja, moja moja, kama anayegeuza mahindi jikoni, mpaka kila moja ikaonyesha sita.

"Haya," akasema. "Sita, sita, sita. Nyumbani katoka. Andika."

Kumi na nane. Kwa sheria ya hatari, hiyo ndiyo jumla mbaya kuliko zote. Mwenye afya nane angekufa hata kama dadu moja ingeondolewa. Nilijua hivyo. Nilifungua kinywa nimweleze kwamba hapa ndogo ndiyo nzuri, kwamba alipaswa kuweka moja, moja, moja.

Nikakifunga. Nikachukua kalamu, nikafungua daftari kwenye sura ya kumi na moja, nikaandika kwamba mwanamke wa taa alifumbua macho, akaomba maji, akauliza waliokuwa wanamngoja ni wangapi.

"Soma," mama akasema.